Pahali pa Kulaza Tandiko la Baba Ishema

Mtaa mzima wa Rugenge, hapa Uvira, hakuna farasi hata mmoja, na msipoteze muda kumtafuta. Mbuzi wapo, bata wapo, mapikipiki ndiyo usiseme, yanakukata kona mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Farasi, hapana. Hata hivyo, katika nyumba moja yenye mlango wa bluu, tandiko la farasi la Kiingereza, la ngozi ya kahawia iliyokoza, lilikuwa limelazwa chumbani juu ya magunia mawili ya mchele wa Bwegera, na mwenye nyumba alilitazama kila asubuhi kabla hata hajanawa uso.

Mwenye nyumba ni Manassé, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Ishema. Ni mzee mrefu, mlango wowote anaingia kwa kuinama. Miaka yake ya nguvu aliimalizia ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kwenye klabu moja ya kupanda farasi. Alianza kwa kuzoa mavi, akaishia kufundisha watoto wa mabalozi namna ya kukaa juu ya mnyama bila kulia. Magoti yalipomgomea, mama mwenye klabu alimkabidhi tandiko alilokuwa akifundishia, akamwambia ni lako, nenda nalo. Manassé akalibeba begani, akavuka nalo mpaka, mtu wa forodha akaliinua, akaligeuza, akauliza hiki ni kiti cha pikipiki ya aina gani.

Tangu siku hiyo amekuwa mwalimu wa sebuleni. Ukimtembelea kuomba msumeno, utafundishwa kwanza. Utaambiwa kwamba ndani ya tandiko mna mifupa ya ubao, na mifupa hiyo ikivunjika, tandiko limekufa. Kwamba chini lina mito miwili, na katikati ya mito mna mfereji ambamo uti wa mgongo wa farasi unapita bila kuguswa. Kwamba halitundikwi msumarini, halisimamishwi kwa pua, halianikwi juani. Kwamba mikanda ya vile vyuma vya kutia miguu hupimwa kwa mkono wa mpandaji mwenyewe, kutoka ncha ya kidole hadi kwapani, wala si kwa kukisia. Wageni huitikia mm, mm, huku wakitega sikio kama chai inachemka.

Mke wake, Mukarusanga, hafiki hata kwapani mwa mumewe. Lakini ni shemasi kanisani na mkubwa wa kina mama, akikohoa kwaya inanyamaza. Mbele za watu alilisema lile tandiko bila huruma. Alilipa jina la mke mwenza.

"Mukemwenza wangu iko analala juu ya mchele yangu," alikuwa akiwaambia majirani, "na minye nalala karibu na ukuta yenye kuloa. Muone vile mwanaume anapendaka."

Majirani walicheka mpaka basi, hasa Mama Dorine wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye roho safi na masikio makubwa.

Hayo ni ya mbele za watu. Sasa niwaambie ya ndani, maana msipoyajua haya hamtaelewa lolote. Mukarusanga alikuwa anatamani kulikalia. Alitamani kulikalia mguu huku mguu kule, kama wanavyokaa wanaume, hata mara moja tu kabla hajazikwa, na tamaa hiyo ilimkaba kila alipofagia chumba kile.

Yeye ni mtoto wa wafugaji wa kule juu, haut plateau, milima inayotazama ziwa. Kwao binti hapandi kitu kwa kutanua miguu. Akiwa msichana mdogo alimrukia ndama dume wa baba yake, na ndama akatoka mbio kutoka kwenye jiwe la chumvi mpaka kwenye uzio. Ilikuwa safari ya kufumba na kufumbua. Shangazi yake alimngoja pale uzioni na fimbo, kisha akamsimanga wiki nzima mbele ya wake wa kaka zake. Tangu hapo Mukarusanga amekaa upande. Amekaa upande kwenye baiskeli, upande kwenye pikipiki, mkoba mapajani, mkono mmoja umeshika koti la dereva, magoti yamebanana. Kina mama wote wa kanisa lake hukaa hivyo. Shemasi kutanua miguu! Afadhali akutwe anavuta sigara.

Tena Manassé, enzi za kumchumbia, alimwahidi kwa mdomo wake, "Nitakufundisha farasi." Klabu haikuwa na habari na wake za wafanyakazi, watoto wakaja, vita navyo vikaja, vikaenda, vikarudi, na ahadi ikalala. Hakuna aliyeitaja tena. Mukarusanga hakuisahau hata siku moja.

Basi, shida ilianzia kwenye mavuta. Siku moja Manassé amekwenda kwenye kikao cha mazishi, Mukarusanga akalitazama tandiko, akaliona limekauka. Akamwonea huruma mke mwenza wake. Mama yake alikuwa akipaka ngozi zote za nyumbani mavuta ya ng'ombe, na ngozi zikalainika kama shavu la mtoto. Akachota kwenye kibuyu chake, akapaka, akasugua, akaimba na wimbo kidogo. Sasa fikirini wenyewe, jamani. Tandiko liko juu ya mchele, panya wako ndani ya mchele, na juu yake umewamiminia siagi. Kabla wiki haijaisha walikuwa wametafuna ukingo wa bawa la kushoto, ile ngozi pana inayokaa chini ya paja la mpandaji.

Wala panya si peke yao. Kadiri magunia yalivyoliwa ndivyo tandiko lilivyozama, likalala kwa ubavu, mto mmoja ukabonyea. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimepandisha maji mpaka kuta za Rugenge zikawa zinatoka jasho, na ukungu mweupe ukaanza kuota pale mshono ulipo.

Manassé alipoligeuza akaona yote hayo, hakupiga kelele. Aliketi kitandani, akapitisha kidole penye meno ya panya, akanusa kidole. Ndipo aliposema:

"Mama Ishema, hii sele yangu itakufa hapa. Siku ya Mungu, kisha kanisa, Havyarimana atapita. Nitamupa airudishe Bujumbura. Kule iko na pahali pake."

Havyarimana alikuwa mwenzake wa zamani kwenye zizi la farasi, bado yuko kazini, na huvuka mpaka mara kwa mara kuwasalimu wakwe zake hapa Uvira.

Moyo wa Mukarusanga uliruka ukatua pabaya. Sura yake haikusogea.

"Iende," akasema. "Mchele yangu itapata kupumua."

Akafagia kidogo. Akafagia pale pale alipokwisha kufagia.

"Ila watu watasema shemasi alifukuza kintu ya bwana yake," akaongeza. "Ngoja kwanza nitafute kintu ya kuiweka vizuri. Ikishindikana, njo iende."

Manassé alimtazama kwa muda, akakuna kidevu.

"Tafuta, basi. Minye magoti inakataa kuzunguka. Lakini iwe kintu ya kweli, Mama Ishema. Sele haiwekwake ovyo."

Ndivyo Mukarusanga alivyokabidhiwa kazi ya kumchagulia mke mwenza kitanda. Naye alijua vizuri, tangu dakika ile, kwamba kitanda chenyewe kinatakiwa kubeba vitu viwili. Kibebe tandiko bila kuliumiza mifupa, na kibebe shemasi. Akikosea, atalivunja lile tandiko chini ya makalio yake mwenyewe, na kumvunjia mumewe kitu pekee alichobaki nacho cha maisha yake ya zamani. Asipopata kitu hadi Jumapili, linavuka mpaka, na yeye atazeeka amekaa upande.

Wa kwanza kuleta wazo alikuwa Manassé mwenyewe. Jumatatu asubuhi alisema amekumbuka: bomba la chuma, mtu wa kuchomelea vyuma analikunja kama mkono, unalichimbia ukutani, unalaza tandiko juu, mambo yamekwisha. Kule Bujumbura yote yalikuwa hivyo. Mukarusanga akaona giza. Lilikuwa jibu zuri mno. Tandiko lingelala pale salama mpaka mwisho wa dunia, lakini ukiongezea shemasi, ukuta wote ungekuja naye chini.

Akaweka sufuria mezani taratibu.

"Ukuta gani, Baba Ishema? Huu wenye kunywa maji? Chuma itashika kutu, kutu itaingia mu ngozi. Na bomba yenyewe ni nyembamba. Si weye unasemaka kintu chembamba kinaingia mu ule mufereji, kinasukuma juu, mito inaning'inia bila kazi?"

Manassé akapiga paja.

"Kumbe unasikilizaka!"

"Nasikia kwa nguvu," akajibu. "Masikio haina mulango."

Ushindi wa kwanza huo. Na wala hakusema uongo hata neno moja, jambo lililomfurahisha zaidi.

Jumanne Mama Dorine akaleta msaada bila kuombwa, kama kawaida yake. Alikuja anasukuma pipa la plastiki la bluu, lile la kuwekea maji, limepasuka kitako. Likilazwa, alisema, ni mgongo wa farasi kabisa, mviringo, tena bure. Mukarusanga alimshukuru, akamsindikiza, akafunga mlango. Kweli umbo lilikuwa zuri. Tandiko lilikaa juu ya pipa kama limezaliwa pale, mito yote miwili imelala, mfereji hauguswi sana. Mukarusanga akatazama dirishani, hakuna mtu. Akaweka viganja viwili juu ya tandiko, akaegemea polepole kwa uzito wake wote wa kuimba na kuhubiri.

Pipa likasema pwaa, likabonyea, likaanza kubingirika. Tandiko likaruka. Mukarusanga alilidaka kifuani, akaketi chini nalo sakafuni, amelikumbatia kama mtoto aliyeponea kugongwa. Alikaa vile kitambo. Lilikuwa linanukia ngozi, jasho la zamani na, ole wake, mavuta ya ng'ombe.

"Plastiki inatokaka jasho," alimwambia Manassé jioni wakila. "Ukungu itazidi."

"Kweli kabisa," Manassé akakubali, akijisevia ugali. "Na pipa imekuwa nini? Naona imebonyea."

"Mbuzi," Mukarusanga akasema.

Hawakuwa na mbuzi. Manassé alitafuna tonge lake hadi mwisho, hakuuliza mbuzi wa nani.

Jumatano mapema akapanda pikipiki, upande kama ilivyo desturi, akaenda kwa Onesphore seremala. Onesphore ni mwenyeji wa bondeni, mtoto wa wakulima wa mpunga, mikono yake mipole na maswali yake mengi. Mukarusanga alimchorea mchangani kwa kijiti: mbao mbili zilizoinamishwa kama paa la nyumba, lakini pale juu zisikutane, ziache nafasi ya kiganja ili mfereji wa tandiko usiguse kitu. Chini yake miguu minne iliyotanuka. Manassé alikuwa ameyaeleza mara nyingi hayo, yeye akakariri kama mistari ya shule ya Jumapili.

"Ah, shevale!" Onesphore akafurahi, maana ndivyo mafundi wanavyoita kibebeo cha miguu minne. "Hiyo ni kazi ndogo. Hiyo kiti yenyewe iko na kilo ngapi, Mama Shemasi?"

"Haifike kumi."

"Basi tunafanya na mbao ya mikalitusi, miguu miembamba, kesho uko nayo."

"Libuyu," Mukarusanga akasema, akitaja ubao mgumu na mzito. "Na miguu iwe minene."

"Minene ginsi gani?"

Alitazama huku na huku, akaonyesha mguu wa meza kubwa iliyokuwa ikingoja vanishi.

"Mama! Ile meza inaenda kubeba sahani ya arusi muzima!"

"Minye sipendi kintu ya kutetemeka."

"Kintu ya kilo kumi itatetemesha nini?"

Mukarusanga akarudi kwa rafiki yake wa jana. 

"Mbuzi. Mbuzi wanaingiaka mu nyumba, wanapandaka juu ya vintu."

"Mbuzi ya kilo ngapi?"

"Yenye kunona."

Onesphore alimtazama mama huyu kutoka kilemba hadi viatu, akatazama mchoro mchangani, akarudisha penseli nyuma ya sikio. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya heshima mno.

"Kwa mbuzi yenye kunona, tutaweka na mbao ya kukingama chini, ya kushika miguu yote ine. Na pale juu nitapigilia blanketi nzee, isikwaruze. Panya je?"

"Panya njo walituleta hapa."

"Basi nitazungushia miguu makopo ya maziwa. Panya akipanda anateleza."

Mchana huohuo Onesphore alikuja nyumbani na waya mnene, akaukunja chini ya tandiko kuchukua umbo lake, mbele na nyuma. Manassé alimfundisha masomo yote kuanzia mwanzo, na maskini fundi akaitikia mm, mm. Alipoondoka, Manassé alikuwa anasokota mkononi kamba ya katani iliyofungia gunia la mchele.

"Mama Ishema, nyosha mukono."

"Ju ya nini?"

"Nataka kushona nguo ya kufunika sele, ju ya vumbi. Sina metre. Nyosha tu."

Akanyoosha. Manassé akaweka ncha ya kamba kwenye ncha ya kidole cha kati cha mkewe, akaivuta mpaka kwapani, akafunga fundo. Mukarusanga akatekenyeka, akampiga kofi la bega.

"Si upime na mukono yako? Yako ni mirefu, utamaliza haraka."

"Yako iko na kipimo kizuri," Manassé alisema, akatia kamba mfukoni, akatoka anapiga mluzi.

Jumamosi kibebeo kikaja, kimefungwa nyuma ya pikipiki, miguu minne inatazama mbinguni. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mama Dorine alikuwa wa kwanza.

"Hii ni nini tena, Mama Shemasi?"

"Kitanda ya mukemwenza."

"Yesu! Na hii miguu? Ni kama ya tembo!"

"Mukemwenza anakulaka sana," Mukarusanga akasema, na kicheko kikamwokoa.

Walikiweka kwenye kona ya ndani, mbali na dirisha na mbali na ule ukuta wa jasho. Manassé alifuta ukungu kwa kitambaa kikavu, akaosha mavuta kwa sabuni kidogo, akalilaza tandiko juu. Lilikaa barabara. Mito yote miwili imelala bila kuning'inia, na unaweza kutazama katikati, kutoka mbele mpaka nyuma, ukaona mwanga. Manassé alizunguka akilipapasa, akapiga magoti yake mabovu achungulie chini, akainuka kwa shida, macho yamelowa kidogo.

"Hata Bujumbura hawana kama hii," akasema. Kisha, "Kesho tutaona Havyarimana atasema nini."

Basi bado linaweza kuondoka! Mukarusanga akakata shauri papo hapo. Kesho ndiyo kesho.

Jumapili asubuhi aliamka na kichwa kinamuuma. Kilikuwa hakimuumi hata kidogo, na Mungu anajua, lakini alikifunga kitambaa, akalala akitazama ukuta, akaguna. Manassé alisimama mlangoni na koti lake la kanisani, miwani puani, Biblia kwapani.

"Pole sana. Nitawaambia mamas unaumwa."

"Waambie tu ni kidogo," akaguna.

Akangoja hatua zake ziishe njiani. Akahesabu na za ziada, kwa usalama. Kisha shemasi akaruka kutoka kitandani kama msichana. Chini ya kitenge chake akavaa suruali kuukuu ya Manassé, akaikunja mara nne miguuni. Akaburuta kinu kutoka jikoni, akakigeuza, kitako juu, kando ya kibebeo. Akasimama juu ya kinu, akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba.

"Mungu, unaniona. Lakini usiangalie sana."

Akavusha mguu.

Kibebeo hakikulia, hakikutingishika, libuyu ni libuyu. Mukarusanga alikaa. Alikaa katikati kabisa, mguu huku mguu kule, mgongo umenyooka, na kwanza hakupumua. Halafu pumzi ikatoka yote pamoja na kicheko kidogo cha puani. Jamani, kumbe hivi ndivyo wanavyokaa! Dunia yote iko mbele yako, hakuna sehemu yako inayotazama pembeni. Akaona tena mgongo wa ndama, akaona uzio unakuja, na safari hii hakuna shangazi.

Vyuma vya miguu hakuvitegemea. Manassé ana miguu ya korongo, vyuma vyake lazima vining'inie huko chini, yeye angebaki anapapasa hewa. Aliishusha miguu tu ilegee. Mguu wa kulia ukakanyaga chuma. Akashtuka. Akateremsha wa kushoto, nao ukakanyaga, palepale unapotakiwa, goti limekunjika kidogo, kisigino kinapata pa kushukia. Hata kiatu chake mwenyewe hakimkai vile.

Akainama kutazama. Kwenye mkanda, juu kabisa ya matundu ya zamani yaliyochakaa, palikuwa na tundu jipya. Ngozi ndani yake ilikuwa bado nyeupe. Upande wa pili vilevile.

Alikumbuka kamba. Ncha ya kidole mpaka kwapani. Yako iko na kipimo kizuri.

"Huyu mwanaume!" akasema kwa sauti, na machozi yakamshuka bila kuomba ruhusa.

Mlango ukafunguka.

"Nilisahau miwani," Manassé akasema. Miwani ilikuwa puani.

Mukarusanga alitaka kushuka, mguu ukagonga kinu, kinu kikabingirika mpaka chini ya kitanda. Akabaki juu, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande, suruali ya mume imechungulia chini ya kitenge.

"Nilikuwa napima kama inabeba," akasema.

"Inabeba?"

"Inabeba."

"Visigino chini," Manassé akasema. "Mabega nyuma. Usitazame farasi, tazama kule unaenda."

Akashusha visigino. Akatazama kule anakokwenda, ambako kulikuwa na kabati.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mavuta. Muntu hapakake mavuta ya ng'ombe mu kintu anachukia."

"Na Havyarimana anakuja saa ngapi?"

"Havyarimana hajui kintu. Iko Gitega kwa arusi."

"Baba Ishema! Ulinizungusha wiki muzima!"

"Ningekuambia panda, ungepanda?"

Jibu wote wawili walilijua. Angemsomea Maandiko mpaka jua lizame. Manassé akachomoa ile kamba mfukoni, ina fundo lake bado, akaipitisha mbele ya tandiko na kumwekea ncha zake mbili mikononi, moja huku, moja kule.

"Nilikuahidi farasi," akasema. "Farasi imekosekana. Hii njo ilibaki."

Mukarusanga alifungua mdomo amwambie kitu kizuri, na ndipo wimbo ukasikika kwenye kichochoro. Sauti tatu za kina mama, na ya juu kuliko zote ilikuwa ya Mama Dorine.

"Umewaambia nini?" akanong'ona.

"Nilikutana nao mu njia, nikawaambia unaumwa! Weye si uliniambia?"

"Nishushe!"

"Na haya magoti? Tutaanguka wote. Kaa." Alikuwa amekwisha fika mlangoni, akaurudisha nyuma yake. Mukarusanga alimsikia akisema, kwa sauti ya mtu mwenye mgonjwa, kwamba hawezi kuamka, hawezi kabisa kutoka pale alipo, labda wamwombee tu kutokea nje, dirishani.

Wakaja dirishani. Mbao za dirisha zilikuwa zimefungwa, asante Mungu. Mama Dorine akaanza, na Mama Dorine akianza kuomba si mtu wa kumkatiza. Alimtaja shemasi kwa jina lote, akataja kichwa, shingo, mgongo, akashuka kiungo kwa kiungo. Manassé akarudi chumbani kwa ncha za vidole, akasimama mbele ya tandiko, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote mbele ya watoto wa mabalozi.

"Sasa polepole," akanong'ona. "Nyosha mugongo. Anatembea. Mufuate."

Mukarusanga alishika kamba, akafumba macho, akamfuata. Nje waliomba, ndani milima ilipita, ule uzio ulifika ukapitwa, na bado anakwenda. Visigino vilikuwa chini.

"Amina!" wakasema nje.

"Amina!" akaitika shemasi, kwa nguvu kuliko inavyofaa mgonjwa.

 Kisha Mama Dorine akaita, mdomo umegusa mbao za dirisha:

"Mama Shemasi! Unasikia afazali?"

Mukarusanga alimtazama mumewe. Manassé alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yanatikisika.

"Afazali kidogo," akajibu, akizipanga vizuri zile hatamu za katani. "Ila muombe tena. Muombe ile ndefu."